Mwaka wa Sanduku Lililopiga Mikono

Nianze na aibu ya juzi kabla majirani hawajanitangulia kuitangaza: nililia kilio cha mtu nisiyemjua. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Tangu nistaafu, safari yangu ndefu ni ile ya kutoka kitandani hadi barazani, na siku za baridi hata hiyo naigawa mara mbili. Kwa hiyo nilipoletewa habari kwamba Yaya Kavira amefariki kwa binti yake huko Majengo, nilivaa koti, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, nikamwambia kijana anishushe penye bache, turubai la kilio. Akanishusha. Nilikuta bache, viti vya plastiki na akina mama wanaimba, nami sikuuliza kitu. Niliketi, nikainamisha kichwa, nikalia machozi ya kweli, yaliyolala miaka mingi. Mzee mmoja akanishika bega na kuniuliza kama marehemu alikuwa mtu wangu wa karibu. Nikamjibu kwamba hawezi kujua ni kiasi gani. Wakaniletea wali na maharagwe, nikala. Ni wakati wa kunawa tu nilipoinua macho na kuiona picha juu ya meza: mwanaume mwenye masharubu, amesimama kando ya lori lake. Kilio cha Yaya Kavira kilikuwa barabara ya pili, nyuma ya kanisa. Niliondoka polepole, kama mzee anayetafuta choo.

Nilipofika kwenye kilio chenyewe, machozi yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa nimeyamalizia kwa yule dereva wa lori pichani. Binti wa marehemu alinipa kiti karibu na Mama Zawadi, jirani yetu wa zamani, ambaye sasa haoni vizuri lakini mdomo wake haujapungua kitu. Alinitambua kwa kikohozi. Akauliza mbona nimechelewa, nikamweleza, akacheka mpaka akina mama wakageuka kututazama. Kisha akanipapasa mkono na kusema kwamba kuanzia leo, wanaoukumbuka mwaka ule wa sanduku ni mimi na yeye tu. Ni kweli. Na kwa kuwa yeye hataki kuandika, na mimi sina kazi nyingine, nauandika mimi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini hapa Goma, Wazungu wakikaa mtaa wa Himbi na kando ya ziwa, sisi tukikaa huku juu kwenye mawe meusi ya volkano. Nilikuwa nimetoka sekondari kwa mapadri. Nasema nimetoka; sisemi nimemaliza. Sekondari ilinichoka kabla mimi sijaichoka. Nilirudi kwa shangazi yangu na vitabu vyangu ndani ya sanduku la bati, nikasema nangoja kazi ya karani, na kwa kuwa kazi ya karani haikujua ninapokaa, nilingoja vizuri sana. Katika parseli ya shangazi, yaani kiwanja chake, kulikuwa na nyumba ya pili ya mbao, yenye vyumba viwili, alimokaa fundi Bahati na mke wake Kavira. Bahati alikuwa mtu wa Masisi, fundi wa garaji. Kavira alikuwa Munande wa kule Butembo, mrefu, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza kanisani. Alikuwa amenizidi umri kidogo, ndiyo maana nikamwita yaya, dada mkubwa. Kicheko chake kilikuwa kifupi sana, ukikohoa unakikosa.

Katika chumba cha nyuma Bahati alikuwa amejenga sanduku lake. Alikuwa ameliona la namna hiyo kwenye garaji ya Wazungu, akaliiga kwa macho. Lilikuwa kubwa kama kabati ya vyombo, la mbao nje na bati ndani, lenye kioo juu cha kuchungulia na matundu mawili mbele. Katika kila tundu alifunga glavu nyeusi ya mpira, ndefu hadi begani, iliyoning'inia upande wa ndani. Ukiingiza mikono unakuwa kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Nje kulikuwa na kompresa kuukuu iliyosukuma upepo kwenye mpira, na upepo huo ulirusha mchanga mkavu kwa nguvu ya kung'oa kutu. Wenye malori walileta buji, zile plagi za kuwashia injini, nyeusi kwa moshi, na zikatoka zinang'aa kama meno ya mtoto. Kazi ya pili ya sanduku ilikuwa vioo: unabandika karatasi ngumu iliyokatwa umbo la ua au ndege, unapuliza mchanga, na pale palipoachwa wazi kioo kinakuwa cheupe kama kimepigwa na baridi. Wazungu walivipenda vioo hivyo kwa vyumba vya kuogea, ili waoge bila majirani kuwasaidia kwa macho.

Bahati alikufa mwanzoni mwa msimu wa mvua, gari lilipoanguka kwenye kona za njia ya Sake. Sitaandika habari ya siku ile. Nitaandika tu kwamba kilio kilipokwisha, Kavira aliingia chumba cha nyuma, akafagia, akatazama jinsi kompresa ilivyofungwa, na baada ya siku chache tukasikia mlio wake ukutani. Shangazi aliacha kuchambua mboga za lengalenga, akasema yule mwanamke atakatwa mikono. Hakukatwa. Alikuwa akimtazama mumewe kwa miaka yote ile huku sisi tukidhani anamletea tu chai.

Mimi nikapewa glavu. Sikuchaguliwa kwa akili. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwepo. Mtu anayekaa nyumbani mchana kutwa mwishowe anapewa kitu. Kazi yenyewe ilinifaa kama kiti changu. Jioni nilizifungua glavu kwenye pete zake, nikazigeuza ndani nje, nikaziosha kwa sabuni, kisha nikazijaza maji na kuzining'iniza mlangoni kama viwele viwili. Palipotokea tone pana tundu, na palipo na tundu vumbi la mchanga litapita hadi kwenye mkono na kutoka hapo hadi puani. Nilibandika kiraka cha mpira wa ndani wa gurudumu, nikakikandamiza chini ya jiwe la kusagia. Nilizikausha kivulini, kamwe si juani, kwa sababu jua hupasua mpira kama linavyopasua midomo. Asubuhi nilimwagia poda ndani ili mikono ya Kavira iteleze bila jasho. Mkono wa kushoto, ulioshika buji mbele ya mchanga, ulichakaa haraka kuliko wa kulia. Niligundua kwamba ukiigeuza glavu ya kushoto ndani nje inakuwa ya kulia, basi nikawa nazibadilisha kwa zamu. Kwa ugunduzi huo nilitembea siku nzima kama gavana. Siku moja shangazi, kwa wema, alizipaka mafuta ya mawese ili zilainike. Zililainika mpaka zikawa kama uji, ikabidi kutafuta nyingine.

Kiangazi kilipoingia, sanduku likaanza kupiga. Bahati alipokuwa hai hakuna mwingine aliyewahi kutia mkono humo, na yeye hakusema chochote, labda alizoea. Sasa Kavira alikuwa akipuliza mchanga, ghafla kitu kinamchapa kidoleni, pa, kama sindano ya moto, na mkono unaruka. Vumbi nalo likaganda kwenye kioo cha kuchungulia hata asione anachofanya. Kioo kimoja cha watu kilivunjika hivyo. Habari ikatembea. Kufikia Jumapili, parseli nzima ilijua kwamba Bahati yumo ndani ya sanduku na hataki mkewe aguse vyombo vyake. Wateja wa buji wakawa wanaziacha mlangoni na kurudi nyuma. Mimi na sekondari yangu nikaeleza kwamba ni umeme unaokaa palepale bila kutembea, unaozaliwa mchanga mkavu unapojisugua kwenye mpira, sawa na kitana kinavyovuta karatasi. Walinisikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza shangazi kama ninakula vizuri.

Kavira hakubishana na yeyote. Jioni moja, ameketi kizingitini mikono imejaa poda, alinieleza alivyopima neno hilo mwenyewe.

"Bahati hakunipigaka hata siku moja. Mutu hawezi kungoja afe ndiyo aanze."

Lakini aliposema hivyo alikuwa anakisugua kidole kilichopigwa, polepole, na hakuwa na haraka ya kukiacha. Nilitazama pembeni. Kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mboga ya sombe ilikuwa inachemka, na nilijifanya naikoroga.

Ndugu wa marehemu wakafika katika kiangazi hichohicho: Balume, mdogo wake Bahati, pamoja na mjomba wao, mzee mwenye fimbo na maneno machache. Kwa desturi yao, mke na vyombo vya marehemu hurudi kwa ndugu. Walikuja kutazama tu. Kurudisha kwenyewe kungefanyika siku ya kuondoa kilio, mwaka ukizunguka. Balume hakuwa mtu mbaya. Nimejaribu miaka mingi kumfanya mbaya na ameshindikana. Aliomba aone kazi ya kaka yake, akaingiza mikono kwenye glavu, Kavira akafungua upepo. Mara ile moja, hata mimi nje niliusikia mlio. Balume alitoka amebeba mkono wake kama mtoto mchanga, uso umekuwa rangi ya majivu. Mjomba akasema marehemu anakataa, na kitu anachokikataa marehemu hakichukuliwi. Mwanamke naye angekaa palipo na chombo, mpaka kaka atulie. Wakanywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakaondoka mapema.

Usiku ule Kavira alikula. Nasema hivyo kwa sababu tangu msiba alikuwa anahamisha tu chakula kwenye sahani. Alimwambia shangazi, nami nikiwa nyuma ya pazia nasikia, kwamba hana ubaya na watu wa Masisi, ila hajui jinsi ya kuwa mke wa mtu ambaye yeye alikuwa akimletea maji ya kunawa kama shemeji. Akasema kwamba katika chumba cha nyuma, mashine ikinguruma, ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayemwita mjane. Shangazi akamwambia ashukuru basi kwamba sanduku linapiga. Nilielewa hapo kilichokuwa kwenye mizani: sanduku likipiga, Kavira ni wa nafsi yake, likitulia, ni wa Masisi.

Shida ni kwamba sanduku linalopiga halifanyi kazi. Hoteli moja ya kando ya ziwa iliagiza vioo vya mlango vyenye korongo mwenye taji, na korongo hachorwi na mkono unaoruka. Nikafunga waya kutoka kwenye bati la sanduku, nikautoa dirishani hadi kwenye nondo niliyoipigilia ardhini, kama tulivyofundishwa: umeme ushuke udongoni. Mapadri walisahau kwamba Goma haina udongo. Nondo ilisimama katikati ya mawe makavu ya volkano, na sanduku likaendelea kupiga vilevile. Shangazi akasema sekondari yangu imefika mwisho wa waya. Ila nikaona kitu: siku ambazo Mama Zawadi, aliyekuwa bado msichana aliyeolewa juzi, anafua na kumwaga maji upande wetu, sanduku halimpigi Kavira. Tukaomba magunia ya udongo wa mfinyanzi kwa wenye malori, tukajaza ufa wa jiwe, tukachanganya majivu na chumvi, na kila asubuhi nikawa namwagilia nondo yangu maji ya vyombo. Watu wakipita waliuliza nimepanda nini. Mama Zawadi akawajibu kwamba Deo, yaani mimi, amepanda chuma, kikiota atavuna magari.

Sanduku likatulia kabisa. Kavira alipuliza siku nzima bila kushtuka hata mara moja. Jioni nilimkuta bado amesimama pale, mikono ndani ya glavu, kompresa imezimwa, anagusa bati kwa ncha za vidole, hapa, kisha pale, akingoja. Sikuingia. Baadaye aliniambia niuwekee waya ndoano, ili ufungwe wakati wa kazi na ufunguliwe wageni wa Masisi wakija. Siri ikawa ya watu wanne, yeye, mimi, shangazi na Mama Zawadi, kwa kuwa maji yalikuwa yake. Korongo wakatoka wazuri. Mmoja nilimpenda zaidi, aliyeinua mguu kama anayekanyaga umande. Miezi ile ndiyo ninayoiita mwaka: mlio wa mashine ukutani, harufu ya mpira na sabuni, viazi vitamu vya jioni tukila pamoja na shangazi, na Kavira akikohoa kidogo, akicheka kidogo, akiniita fundi mbele ya wateja ili nione haya.

Siku ya kuondoa kilio iliwekwa Novemba. Wewe msomaji unayekaa Goma umeshajua. Novemba hapa hata chumvi inatoa machozi. Wiki moja kabla tulifungua waya ili kujaribu, na sanduku halikufanya kitu. Lilikaa kama kondoo. Mvua ilikuwa imefanya kila mahali kile nondo yangu ilichofanya dirishani. Sijawahi kufanya kazi kama nilivyofanya siku zile. Nilikaanga mchanga kwenye sufuria ya shangazi kama karanga, nikiukoroga mpaka ukawa unateleza. Tulizungushia sanduku mbabula za makaa mpaka mbao zikalia. Nilizisugua glavu kwa blanketi. Asubuhi ya siku yenyewe, kabla wageni hawajafika, Kavira alijaribu, akasema amesikia kitu, kidogo, kama mdudu chungu anatembea. Nikamwambia kitatosha. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua.

Wakaja na lori. Walileta ndizi na mbuzi, wakaleta hata shangazi zao, wakaimba vizuri. Baada ya kula, mjomba akasema sasa wamuulize marehemu. Tukajaa mlangoni mwa chumba cha nyuma. Balume alinawa mikono, akajipiga ishara ya msalaba, akaiingiza kwenye glavu akiwa amefumba macho. Kavira akafungua upepo. Mchanga ukavuma kwenye bati, ukavuma tena. Nilimwona Balume akishtuka kidogo sana, kama mtu aliyeguswa bega na rafiki. Hakutoa mikono. Alibaki hivyo, na machozi yakamtoka chini ya macho yaliyofumbwa.

"Ni yeye," akasema. "Ile siku alinifukuza. Leo ananishika mukono."

Akina mama wakapiga vigelegele. Yule chungu wangu mmoja, niliyemkaanga siku zote zile, akawa baraka. Sanduku lingekuwa kimya kabisa, nani ajue, pengine wangesita. Lingepiga sawasawa, wangekimbia. Nilikuwa nimekaanga kiasi cha kumpa Balume salamu.

Tulitoka uani. Mvua ilikuwa imepumzika. Mjomba akasimama katikati na fimbo yake na kuuliza, kama desturi yao inavyotaka, kama katika parseli hii kuna mwanaume mwenye neno juu ya mwanamke huyu, alitoe kabla hajapanda gari, watu wazungumze kwa amani. Aliuliza mara moja, akaegemea fimbo. Kuku walisikika. Mimi nilikuwa karibu na mlango, sufuria mkononi. Kavira alikuwa ng'ambo ya uwanja, amefunga kitambaa kipya, na alikuwa ananitazama. Nikasafisha koo. Watu wote wakanigeukia. Nikasema kwamba glavu zisianikwe juani.

Wakacheka kwa upole, mjomba akanishukuru, Balume akaahidi kwamba zitakaa kivulini. Kavira hakucheka. Alikwenda mwenyewe kuzifungua kwenye pete, akazipaka poda, akazifunga ndani ya kitenge. Lori lilipoondoka, sanduku lilikuwa nyuma, limefungwa kamba, na yeye mbele na kitenge mapajani, amekiinamia ili jua, ambalo hata halikuwepo, lisikifikie.

Huko Masisi hakukuwa na malori ya kutosha wala Wazungu wa kuogea nyuma ya korongo. Nilisikia kwamba kompresa ilikufa, na kuku wakataga ndani ya sanduku, kwa kuwa matundu yake yanawatosha. Kavira alimzalia Balume watoto. Aliporudi Goma na binti yake, uzeeni, baada ya vita na njia nyingi, tulionana mlangoni mwa kanisa. Alikuwa anakohoa sana. Aliniuliza kama niko, nikamwambia niko. Tukazungumza juu ya mvua. Nilimwahidi nitapita Majengo kumsalimu, na ninyi mmeshaona safari zangu zilivyo.

Sikuoa. Nilipata kazi ya karani hatimaye, nikaifanya, ikaisha. Katika miaka hiyo yote nimekuwa na adui mmoja, na adui huyo ni Novemba. Juzi pale kilioni, akina mama walipopumzika kuimba, nilimweleza Mama Zawadi hesabu yangu ninayoijua kwa moyo: kwamba lau wangeiweka siku ile Julai, mchanga ukiwa mkavu, sanduku lingempiga Balume hadi kesho, na Yaya Kavira angebaki nasi. Kwamba ilikuwa mvua tu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande wa sikio lake zuri. Kisha akasema, bila kushusha sauti, binti wa marehemu akiwa amesimama hapo na sahani:

"Deo, uache ile mvua yako. Ule muzee aliuliza kama kuna mwanaume. Hakuuliza kama kuna fundi wa glavu."